Kuyasoma maisha ya mnyama kwenye mifupa ya miguu yake

Ukikutana na mifupa ya mguu wa mnyama, iwe porini au kwenye sufuria ya makongoro, anza kwa kuitazama sehemu iliyo chini, karibu na kwato, kwa kuwa hapo ndipo tofauti za maisha huonekana mapema zaidi. Mfupa mrefu ulio juu ya kwato za mguu wa mbele wa ng'ombe kwa hakika ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana, na ukipitisha ukucha kwenye uso wake wa mbele utahisi mfereji mwembamba unaoonyesha mahali ilipoungana, huku ncha yake ya chini ikibaki na vichwa viwili, kimoja kwa kila ukwato. Punda milia, ambaye hukimbia kwa kidole kimoja tu kila mguu, ana kichwa kimoja, na pembeni mwa mfupa huo hubaki vijiti viwili vilivyobeba vidole vingine kwa mababu zake wa kale. Kile kinachodhaniwa kuwa goti lililopinda kinyumenyume kwenye mguu wa nyuma ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.

Kwa wanyama wanaochimba ardhi, hamia kwenye kiwiko. Muhanga ana mfupa uliochomoza sana nyuma ya kiwiko, ambao huipa misuli nguvu ya kuvunja udongo mgumu, ingawa huigharimu kasi. Swala anao mfupi zaidi ukilinganisha na urefu wa mguu wake, na misuli yake mizito imekaa karibu na mwili ili sehemu ya chini iwe nyepesi kuirusha mbele.