Impreza 22B inayokata kona: kuiandaa kwa daraja A kwenye Forza Horizon 5

Mdogo wangu anacheza Forza Horizon 5, mchezo wa video wa mbio za magari, na alikuwa analalamika: Subaru Impreza 22B yake ina nguvu kuliko gari la yeyote anayecheza naye, lakini kila kona anapitwa. Nikafungua orodha ya vipuri alivyofunga. Kila kipuri kina pointi zake, na jumla ya pointi ndiyo inayoamua daraja la gari. Zake karibu zote zilikuwa kwenye injini. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1: Lijue dari lako. Daraja A linaishia pointi 800. Ukifika 801 uko S1, daraja la juu yake, na huko 22B inakutana na magari ya ukoo mwingine kabisa.

Hatua ya 2: Funga vipuri kwa mpangilio. Tairi kwanza, kisha kupunguza uzito, kisha springi, shokapu, stabilaiza (vyuma vinavyozuia gari kulala upande kwenye kona) na difu (inayogawa nguvu kwenye magurudumu), zote za mashindano, kwa sababu za kiwandani hazirekebishiki. Kitakachobaki ndicho cha injini: kemshafti, ekzosi, tabo. Usinibadilishie injini ya Subaru kwa V8. Angalia asilimia ya uzito wa mbele kabla na baada, utaelewa.

Na usipakue marekebisho ya gari (tune) ya mtu mwingine. Yanakuja yamefungwa, namba zake huzioni, kwa hiyo hujifunzi chochote.

Hatua ya 3: Upepo wa tairi. Anza na psi 28 kote, endesha hadi tairi zipate moto, kisha fungua telemetria, skrini inayoonyesha vipimo vya gari likiwa linakwenda. Katikati ya tairi kukiwa na joto kuliko kingo, punguza upepo.

Hatua ya 4: Gari likikataa kukata kona. Hapa ndipo watu wanapolala saa tisa usiku. Gari linakwenda moja kwa moja wakati usukani umeukunja wote, basi mtu anagusa slaidi sita kwa mpigo, likibadilika hajui kipi kimesaidia. Gusa kimoja, zunguka mara kadhaa, ndipo uguse kingine. Mimi napimia mbio za Horizon Mexico Circuit kwenye Rivals, sehemu ya mchezo ya kushindania muda, kwa kuwa hakuna wa kunigonga. Zima kwanza kidhibiti cha kuteleza (traction control), maana kinakata nguvu kimyakimya na kukuficha ugonjwa. ABS iache.

Swali la kujiuliza ni kwamba gari linakataa *wakati gani*.

Likikataa unapoingia kona, mguu ukiwa bado kwenye breki, huenda unachelewa tu kufunga breki. Hakikisha hilo kabla ya kufungua menyu yoyote. Kama sivyo, shusha namba ya difu ya nyuma upande wa kuachia mafuta (deceleration), ijaribu kwenye 10.

Likikataa katikati ya kona, hukanyagi breki wala mafuta, hiyo ni stabilaiza. Slaidi inakwenda 1 hadi 65. Legeza ya mbele, kaza ya nyuma, tano tano kila mara. Lakini angalia: ya nyuma ikizidi, gari litaanza kutupa mkia kwenye matuta, na hapo utadhani shokapu ndizo mbovu. Rudi nyuma kidogo kabla hujazigusa.

Likikataa unapotoka, ukikanyaga mafuta, ni difu. Hili ndilo lililokuwa tatizo la mdogo wangu, na kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne ndilo la kawaida. Tairi za mbele zinaombwa kukunja na kuvuta kwa pamoja, zinashindwa. Peleka mgawanyo wa nguvu wa difu ya katikati nyuma, asilimia 70 hivi, na difu ya mbele upande wa kukanyaga mafuta (acceleration) ishuke hadi 20 au 25. Anayetumia kibodi asizidishe hapo, kwa sababu kitufe hakijui kukanyaga nusu.

Na kama linakataa kwenye kona za kasi pekee, za polepole liko sawa, achana na yote hayo. Ni upepo unaopita kwenye bodi ya gari: ongeza mgandamizo wa mbele (downforce), kama umefunga bampa la mashindano.

Hatua ya 5: Gia. Giaboksi ya "sport" inatosha. Inakuruhusu kurekebisha gia ya mwisho ya difu (final drive) peke yake, na inakula pointi chache. Tafuta sehemu ndefu iliyonyooka kwenye mbio unazocheza zaidi: gia ya juu ikigonga mstari mwekundu kabla ya breki, shusha namba ya hiyo final drive, isipoukaribia, pandisha. Ukibadili vipuri vya injini baadaye, rudia hatua hii tu.