Kutuliza Hilux ya zamani inayorusha ikiwa tupu

Gari langu ni pikapu ya Toyota Hilux, modeli LN106 ya 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Kazi yake ni parachichi. Asubuhi natoka Njombe mjini bodi ikiwa tupu, jioni narudi kutoka mashambani na kreti 30, kama kilo 600 hivi. Ikiwa na mzigo inatulia. Ikiwa tupu ilikuwa inarusha mpaka siku moja mama, niliyekuwa nampeleka hospitali, akanishika mkono akasema, "Baba, simamisha, nitatembea." Mgongo ulikuwa umemshinda.

Tangu siku ile nimeishughulikia hatua kwa hatua, na nawaandikia kwa mpangilio nilioufuata, maana wengi tunaanza kwa kung'oa springi wakati hilo ni la mwisho kabisa.

Kwanza tambua ugonjwa. Pikapu ya aina hii imeundwa kubeba karibu tani moja, kwa hiyo springi za nyuma zikiwa hazina kitu juu yake lazima ziwe ngumu. Lakini ugumu ni jambo moja na kudunda ni jingine. Pita juu ya tuta polepole usikilize mwili wako. Gari likigonga mara moja kisha likatulia, tatizo ni ugumu: upepo, springi au bushi (raba zinazokaa kwenye maungio ya springi). Likigonga kisha likaendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu, shokapu (zile zinazotuliza mdundo wa springi) zimekufa. Langu lilikuwa na yote mawili.

Anza na upepo, hauna gharama. Tairi zangu za nyuma nilizipima nikakuta psi 50 kila moja, kwa sababu kila nikienda kujaza nilikuwa namwambia kijana "jaza, nabeba mzigo". Tairi la namna hiyo ni jiwe. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinatenganisha gari tupu na gari lenye mzigo. Kwa tairi zangu za 205R16 sasa naenda shambani na 28 nyuma, na kabla ya kupakia napandisha hadi 42. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, na ununue pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri. Usipakie mzigo juu ya tairi laini hata kwa safari fupi; linachemka na kupasuka. Hatua hii peke yake ilipunguza mateso yangu kwa kiasi ambacho sikukitegemea.

Shokapu usizipime kwa kusukuma bampa. Springi za pikapu ni ngumu mno, mkono hautakuonyesha chochote. Ingia chini utazame. Shokapu iliyolowa mafuta hadi vumbi limeganda juu yake kama tope imekwisha. Ambayo haijalowa, ifungue uivute na kuisukuma kwa mikono: nzima inakupinga mwendo wote, mbovu ina mahali inapopita bure. Badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Dukani watakusifia zile ngumu za kazi nzito. Kama nusu ya safari zako ni tupu kama zangu, chukua za kiwango cha kawaida cha gari lako. Kabla ya kufunga, simamisha shokapu wima, ibane na kuiachia mara tano au sita ili hewa itoke kwenye mafuta.

Sasa springi zenyewe. Hesabu vipande vya kushoto, kisha vya kulia. Mimi nilikuta 6 upande mmoja na 7 upande wa pili, na vingine vilikuwa vinene, vyenye upana tofauti, dhahiri vya gari jingine. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongeza ili abebe zaidi. Springi ikizidishwa inapinda sana juu, na shekeli (kiungo kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi) inakosa nafasi. Ncha ya chini ya shekeli ya nyuma inatakiwa ilale kidogo kuelekea nyuma, ili springi inaponyooka ipate pa kwenda. Yangu ilikuwa imeelekea mbele. Nilipotoa vipande vya ziada gari lilishuka kidogo nyuma, shekeli ikakaa sawa.

Kazi hii inaua ikifanywa ovyo. Kaza vizuizi magurudumu ya mbele, inua gari, weka stendi imara chini ya chesisi, kisha jeki ishike ekseli ili isidondoke. Ukifungua senta bolti, ile ya katikati inayoshika vipande pamoja, vipande vinafyatuka, kwa hivyo vibane kwanza kwa klampu mbili nzito na uzilegeze taratibu. Kama huna klampu, mpelekee fundi springi. Usitumie waya wala kamba.

Vikishaachana utaona kilichokuwa kinakuumiza: kutu. Springi za namna hii hufanya kazi kwa vipande kuteleza kimoja juu ya kingine. Vyangu vilikuwa vimeshikana, vinatenda kama chuma kimoja kinene. Nilivisugua kwa brashi ya waya, na pale ncha ya kipande cha chini ilipochimba mfereji kwenye kipande cha juu nikalainisha ukingo kwa grenda, taratibu, bila kuchoma chuma. Ukiona ufa, kipande hicho usikirudishe. Grisi ya kawaida siipendi huko kwetu, inakusanya vumbi jekundu na kuwa msasa. Nilijaribu kuweka vipande vya dumu la plastiki kwenye ncha, vikasagika ndani ya miezi michache. Vilivyodumu ni vipande vya nailoni ngumu ya kuchongea bushi.

Kuna fundi atakayekushauri utoe kile kipande cha chini kabisa, kinene na kilichonyooka. Kataa. Gari likiwa tupu, kipande hicho hakigusi wenzake kwenye ncha, kinangoja mzigo. Ukikitoa hupati ulaini wowote, na siku ya kreti 30 springi itagonga na kukalia ile raba ya kizuizi chini ya chesisi. Kama bado gari ni gumu baada ya usafi wote huu, basi toa kimoja cha katikati, pande zote mbili, na ukubali kupunguza mzigo. Mimi sikuhitaji.

Bushi za springi na shekeli badilisha hapo hapo wakati umeshafungua. Lakini sikiliza hili, kwa sababu gereji nyingi wanalikosea: bolti za bushi usizikaze mwisho gari likiwa hewani. Zishike tu, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, raba inabaki imejipinda muda wote, inaongeza ugumu na kuchanika mapema.

Tazama pia fimbo inayounganisha ekseli na valvu ya breki juu ya chesisi, kama gari lako linayo. Inapima jinsi nyuma ilivyoshuka ili kugawa nguvu ya breki. Ukibadilisha kimo cha springi, irekebishwe.

Siku nikiwa na mama naweka mifuko miwili ya mchanga, jumla kilo 100, juu ya ekseli ya nyuma na kuifunga kwa kamba. Usiiweke mlangoni mwa bodi. Mbele itakuwa nyepesi na usukani utapoteza mshiko kwenye tope.

Yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nilinunua mpya, kwa kuwa za zamani zilikuwa zimeshavutika. Kaza nati zake kwa zamu, kona hadi kona, kisha zirudie. Baada ya safari ya kwanza ya mzigo, kama kilomita 200, niliingia tena chini na spana, na nati zote nne za upande wa kulia zikakubali robo mzunguko zaidi.