Jinsi ya kupanga safari ya Japani, mijini na vijijini: anza na kuhesabu usiku

Watu wengi wananitumia plani zao za Japani niwaangalizie kabla hawajalipia, na karibu zote zina tatizo moja, mtu kaandika sehemu ishirini za kuona mchana, Tokyo, Fuji, Kyoto, Nara, Hiroshima, halafu hakuna hata mstari mmoja unaosema siku hiyo atalala wapi. Niliishi Nagoya nikiwa mwanafunzi na sasa hivi napeleka vikundi vidogo, watu sita mpaka nane, na nachowaambia wote ni kwamba Japani inapangwa kwa usiku. Ukishajua unalala wapi, mchana unajipanga wenyewe, na hasa huko vijijini kitu kizuri kabisa kinaanza pale mabasi ya watalii yakishaondoka.

Hatua ya 1: gawa usiku wako

Chukua karatasi, andika namba 1 mpaka 12. Kwa mtu anayetoka Afrika Mashariki chini ya usiku 10 sikushauri, maana hakuna ndege ya moja kwa moja, utapita Doha au Dubai au Addis Ababa, na siku nzima inaisha angani kila upande. Mgawanyo ninaoutumia mimi ni huu: Tokyo 4, Kanazawa 1, Shirakawa-go 1, Takayama 1, Kyoto 3, Koyasan (mji wa mahekalu mlimani) 1, Osaka 1. Tiketi ya ndege kata ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka, uwanja wa Kansai, ili usirudi nyuma. Watu wengi wanakata kwenda na kurudi Tokyo kwa sababu ndiyo ya kwanza inayotokea kwenye simu, matokeo yake wanapoteza nusu siku na nauli ya treni ya mwendokasi, ambayo Kyoto mpaka Tokyo ni kama yen 14,000.

Nara nenda asubuhi ukitokea Kyoto urudi jioni. Hiroshima ukiitaka, na mimi naiheshimu sana ile makumbusho ya bomu la Agosti 6, 1945, ongeza usiku mmoja kabisa, usiichomeke kama kitu cha kupitia tu halafu mchana huohuo unakimbilia kisiwa cha Miyajima kupiga picha.

Hatua ya 2: chagua mwezi

Maua ya cheri Tokyo na Kyoto ni mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Aprili, bei zinapanda na vyumba vinaisha. Majani mekundu Kyoto ni kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwanzo wa Desemba. Juni mpaka katikati ya Julai ni mvua, Agosti na Septemba joto la unyevu kama Dar ya Februari na vimbunga juu yake. Epuka Golden Week, ile wiki ya sikukuu mfululizo, yaani Aprili 29 mpaka Mei 5 hivi, na katikati ya Agosti wakati wa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, maana Wajapani wenyewe wote wako njiani. Mimi napenda nusu ya pili ya Mei na nusu ya pili ya Oktoba.

Halafu panga vijiji viangukie katikati ya wiki. Jumamosi Shirakawa-go inafurika.

Hatua ya 3: lala kijijini, na uwahi chakula

Hapa ndo nataka ukae kidogo. Shirakawa-go ni kijiji cha milimani kilichoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, nyumba zake zinaitwa gassho-zukuri, maana yake zimejengwa kama viganja viwili vilivyokutana kwa kuomba, paa limesimama hivyo ili theluji isilibomoe, na juu darini walikuwa wanafuga viwavi wa hariri. Paa ni la nyasi, nene kuliko makuti yoyote uliyowahi kuona, na likichakaa kijiji kizima kinatoka kuliezeka pamoja, wao wanaita yui, sisi tungesema msaragambo. Watu wengi wanakuja kwa basi mchana, wanakaa kwa muda wa saa mbili tatu, wanapiga picha, wanaondoka. Ukilala pale, saa 11 jioni barabara inakuwa yako peke yako, unasikia maji ya mifereji yanapita kando ya mpunga, moshi wa moto wa katikati ya nyumba unatoka, na mwenye nyumba anakukalisha sakafuni anakupa samaki wa mtoni aliyechomwa. Mama mmoja wa kikundi changu, mtu wa Korogwe, alikaa pale kwenye moto akasema huu ni moto wa bibi yangu, na mimi mpaka leo kila nikipanga safari namkumbuka.

Ila sikiliza. Nyumba hizi na zile hoteli za kijadi zinazoitwa ryokan haziendi kama hoteli ya mjini. Bei mara nyingi ni kwa kichwa na sio kwa chumba, ndani yake kuna chakula cha jioni na cha asubuhi. Kuingia ni kuanzia saa 9 mchana, na chakula cha jioni ni saa 12 au saa 1, kimoja kwa wote, kimepikwa kwa idadi yenu. Safari yangu ya kwanza na kikundi nilikosa basi tukafika saa 2 na nusu usiku, jiko limeshafungwa, watu saba tukalala na biskuti, na mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni ana huzuni kweli kwa sababu chakula alichotuandalia kimeharibika. Tangu siku hiyo naandika saa ya chakula kwenye plani kwanza, halafu ndo natafuta basi la kunifikisha.

Viatu unaviacha mlangoni, na ndapa za ndani unazivua pia ukikanyaga mikeka ya tatami. Ile kanzu ya pamba utakayopewa, yukata, upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia, kinyume chake ni mavazi ya maiti. Kwenye bafu la maji ya moto, onsen, unajisugua na sabuni pembeni mpaka unatakata ndo unaingia, bila nguo yoyote, wanaume kwao wanawake kwao. Kama hilo huliwezi, na wengi wetu hatuliwezi, uliza wakati wa kubuku kama kuna bafu la kukodi peke yako.

Hatua ya 4: muongoza watalii, mlipe kwa siku chache tu

Kuna watu wananunua safari nzima ya kuongozwa, siku zote kumi na mbili wanafuata bendera. Sikatai, mzee au mtu asiyependa kuhangaika na stesheni inamfaa. Ila kwa wengi mimi nasema siku tatu zinatosha: siku ya kwanza Tokyo, siku moja Kyoto, na jioni moja Koyasan. Siku zingine treni na ramani kwenye simu vinakutosha kabisa.

Chukua hekalu la Fushimi Inari pale Kyoto, yale mageti mekundu maelfu kwenda juu mlimani. Bila mtu wa kukueleza unaona rangi tu. Ukiwa na mtu anakugeuza uangalie upande wa nyuma wa nguzo, umechongwa jina la aliyetoa lile geti, mtu au kampuni, maana Inari ni mungu wa mpunga na wa biashara, na yule mbweha wa jiwe mwenye ufunguo mdomoni ameshika ufunguo wa ghala la mpunga. Pale hakuna kiingilio na hapafungwi usiku, nenda saa 12 asubuhi, saa 4 hutaweza hata kugeuka.

Kabla hujamlipa muulize haya. Ana leseni ya taifa? Zamani sheria ilikuwa inalazimisha, tangu Januari 2018 mtu yeyote anaruhusiwa kuongoza wageni kwa malipo, kwa hiyo wazuri wasio na leseni wapo na wabaya wapo pia, leseni inakuonyesha tu kwamba amefanya mtihani mgumu. Nauli yake, viingilio na chakula chake cha mchana viko ndani ya bei au juu yako? Kikundi kina watu wangapi? Atawapeleka madukani, mangapi na kwa muda gani? Mnatembea kiasi gani kwa miguu, maana Kyoto ni ngazi na vilima. Pia miji mingi ina waongozaji wa kujitolea, wengi wastaafu na wanafunzi, hawataki malipo, wewe unawalipia nauli, kiingilio na chakula, omba wiki kadhaa kabla. Bakshishi Japani hakuna, ukimuwekea mtu hela mezani atakukimbiza nayo barabarani akurudishie.

Koyasan ni mji wa mahekalu juu ya mlima, ulianzishwa na mtawa Kukai mwaka 816, unalala hekaluni kwenyewe. Makaburi ya Okunoin yana zaidi ya 200,000 chini ya mierezi mirefu, na usiku kuna ziara zinazoongozwa na watawa.

Hatua ya 5: viza

Mtanzania na Mkenya wote tunahitaji viza, ubalozi upo Dar na upo Nairobi. Kwenye maombi kuna fomu ya ratiba, siku kwa siku, unafanya nini, unalala wapi, na simu ya hapo unapolala, ndo maana nimekuanzisha na usiku, ile karatasi yako ya hatua ya 1 unainakili tu. Utaonyesha pia hela ya benki na booking ya ndege. Buku vyumba vinavyoruhusu kughairi bure, na tiketi ya ndege usilipe mpaka viza itoke. Na plani yako ilingane na hela yako, mtu mwenye akaunti ndogo akiandika hoteli za kifahari anajitilia mashaka mwenyewe.

Hatua ya 6: treni na mabasi

Watu bado wanaambiana wanunue JR Pass, ile pasi ya treni ya watalii. Hiyo ilikuwa kweli zamani, ya siku 7 ilikuwa yen 29,650, Oktoba 2023 ikapandishwa mpaka 50,000. Kwa njia hii niliyokupa, Tokyo mpaka Kanazawa kwa mwendokasi, saa mbili na nusu, halafu basi mpaka Shirakawa-go, basi tena dakika 50 mpaka Takayama, treni ya Hida mpaka Nagoya, mwendokasi mpaka Kyoto, jumla haifiki yen 40,000, na yale mabasi ya milimani pasi haiyalipii. Nunua tiketi moja moja. Siti ya basi la Shirakawa-go ikikubali kushikwa mapema, ishike.

Mjini tumia kadi ya Suica au Icoca, unaijaza hela unagusa getini, inalipa hata maji ya chupa dukani. Kijijini beba keshi. ATM za maduka ya 7-Eleven zinapokea kadi zetu, toa ukiwa Kanazawa, usingoje mlimani.

Begi kubwa usipande nalo mlimani. Kuna huduma inaitwa takkyubin, unaliacha mapokezi hotelini Tokyo, unaandika hoteli ya Kyoto na tarehe utakayofika, unalikuta linakusubiri. Wewe unapanda na kibegi cha mgongoni chenye nguo za usiku tatu. Na kwenye mwendokasi wa Nagoya kwenda Kyoto, begi ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 lazima ubuku siti maalumu ya begi, usipobuku unatozwa yen 1,000.

Hatua ya 7: chakula na swala

Kwa asiyekula nguruwe, supu nyingi za ramen, zile tambi zao, zimechemshwa na mifupa yake hata kama nyama huioni, na mirin inayotiwa kwenye michuzi ni kileo. Jifunze sentensi hii: butaniku wa taberaremasen, yaani siwezi kula nyama ya nguruwe. Kwa ryokan na hekalu waambie siku unayobuku, ukisema mezani umechelewa na unawaumiza. Koyasan chakula ni cha watawa, shojin ryori, hakina nyama wala samaki, lakini bado uliza kuhusu mirin. Tokyo kuna msikiti mkubwa wa Kituruki, Tokyo Camii, stesheni ya Yoyogi-Uehara, wa kwanza ulifunguliwa 1938 na huu wa sasa 2000, pembeni wanauza vyakula vya halali, mimi nanunua vya kubeba mlimani hapo. Na ukipata nusu siku ukiwa Kyoto, Kobe haifiki saa moja kwa treni, ndo kwenye msikiti wa zamani zaidi uliopo Japani, wa mwaka 1935.

Hatua ya 8: saa

Japani ipo mbele yetu kwa saa sita. Na saa yetu ya Kiswahili inapishana na ya mshale kwa sita pia, kwa hiyo ukitaka kujua saa ya nyumbani usihesabu kitu, angalia saa ya ukutani ya Kyoto usome namba kama ilivyo. Inaonyesha 2 mchana, nyumbani ni saa mbili asubuhi. Inaonyesha 8 usiku, nyumbani ni saa nane mchana. Ila tiketi zao za treni zinaandikwa kwa saa 24, 18:00 ni saa 12 jioni ya hukohuko Japani, hiyo waandikie wazee kwa mkono pembeni ya tiketi. Na ukitaka kupiga simu nyumbani usipige ndani ya treni, kule watu hawaongei na simu kwenye behewa, shuka stesheni kwanza.