Jinsi ya Kuwapeleka Wanafunzi Kwenye Mikoko ya Mida na Matumbawe ya Watamu

Ukitaka kuwapeleka wanafunzi wako Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, tazama kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, kabla hujawaandikia wazazi wala kukodi basi, kwa kuwa bahari ndiyo itakayopanga ratiba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa katikati ya asubuhi. Hapo ndipo mizizi ya mikoko huonekana na maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hutulia. Kwa kuwa saa ya kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, tenga asubuhi mbili zinazofuatana, moja ya Mida, mkono wa bahari ulioota mikoko, na moja ya matumbawe. Msimu wa kaskazi, hasa kati ya Desemba na Machi, ndio unaofaa, kwani kusi hutibua maji na kuinua mawimbi.

Anza na mikoko. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mwanafunzi aliyekwisha kuona rangi za matumbawe huliona tope la Mida kuwa tope tu, ilhali samaki wengi atakaowastaajabia mwambani walilelewa humo. Mwonyeshe mkoko uliosimama juu ya mizizi iliyojipinda, kisha mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli ili ipate hewa. Mwambie apitishe ulimi juu ya jani la mchu, naye ataonja chumvi ambayo mti umeitoa. Baada ya hapo wote wakae kimya dakika 10 kando ya kijito ambacho bado kina maji, wakitazama vitoto vya samaki kati ya mizizi. Wakimwona tembo, samaki wa manjano mwenye doa jeusi ubavuni, wamchore na kukadiria urefu wake, maana kesho watamtafuta mwambani akiwa mkubwa.

Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, iko chini ya KWS, shirika la serikali la kuhifadhi wanyamapori Kenya, na ada hulipwa kabla ya kuingia. Kabla ya kupanda mashua, fanyeni mazoezi kwenye maji ya kiunoni: kubana miwani, kupumua kwa mdomo kupitia mrija, na kupuliza kwa nguvu maji yaliyoingia mrijani. Kila mwanafunzi, hata anayejua kuogelea, avae jaketi la kuokolea maisha na asiachane na mwenzake; mimi nisingekubali mtu mzima mmoja awaangalie zaidi ya wanafunzi wanne. Ingieni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, mtoke yanapoanza kujaa, na mkae mbali na mlango wa Mida, ambako mkondo huvuta kwa nguvu.

Asisimame mtu juu ya tumbawe, kwa kuwa ni viumbe hai vidogo vilivyoshikamana, na pwani ya Kenya ilikwisha kupoteza matumbawe mengi mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi. Shati la mikono mirefu hukinga jua bila kutia mafuta majini. Wasiwarushie samaki mkate, wala wasiokote konokono wenye umbo la pia, kwani baadhi yao wana sumu inayoua.

Mkirudi mashuani, kabla ya kula, kila jozi iandike urefu wa tembo waliowaona kando ya mchoro wa jana.