Namna ya Kupanga Malengo ya Msimu Bila Kuyafanya Kipimo cha Utu Wako

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi malengo mengi hufuata kalenda ya korosho: nyumba itaezekwa bati baada ya malipo, ada italipwa baada ya malipo, na hata sherehe ya unyago husubiri malipo. Utaratibu huo una mantiki, kwa kuwa kwa kaya nyingi fedha kubwa huingia mara moja kwa mwaka. Tatizo huanza pale mtu anapojihesabu kuwa mtu kamili bei inapopanda, na kuwa si kitu inapoanguka, ilhali bei hiyo huamuliwa mnadani.

Anza kwa kutafuta ni wapi umeitundika thamani yako. Wanasaikolojia Jennifer Crocker na Connie Wolfe walieleza mwaka 2001 kwamba watu hutofautiana katika jambo hili: kuna anayejithamini kwa kuwashinda wenzake, kuna anayetegemea sifa za watu, na kuna anayeegemea upendo wa familia au wa Mungu. Ili ujijue, andika lengo lako kwenye karatasi, kisha chini yake ukamilishe sentensi hii: "Nisipofanikiwa, itakuwa mimi ni..." Ukijibu "nitakuwa sijaezeka mwaka huu", lengo lako liko mahali pake. Ukijibu "mzembe", "si mwanamume" au "mke asiyefaa", basi unachokipima si nyumba tena, na lengo hilo linahitaji kuandikwa upya kabla hujashika jembe.

Kuliandika upya ni kutenganisha kazi ya mikono yako na maamuzi ya wengine. "Nitapata milioni tano" ni tumaini, nalo halina ubaya. Lengo ni kupalilia shamba lote mapema, kupulizia salfa kwa wakati ili ugonjwa wa ubwiri unga usiharibu maua, kuokota kila siku na kuanika vizuri kabla ya kupeleka chama cha msingi cha ushirika, kwa sababu korosho zenye unyevu hushushwa daraja. Anayeona tofauti hii ni ndogo aukumbuke msimu wa 2018, ambapo wanunuzi walitoa bei za chini, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Aliyepalilia vizuri na aliyepalilia ovyo walisubiri pamoja, na kusubiri huko hakukusema lolote juu ya bidii ya yeyote kati yao.

Mwanasaikolojia William James aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini ni mafanikio yakigawanywa kwa matarajio, kwa hiyo mtu anaweza kupata nafuu hata kwa kupunguza matarajio. Nakubaliana naye nusu tu. Kupunguza matarajio husaidia pale lengo lilipokopwa kwa jirani aliyejenga, lakini kanuni yake bado inaiacha thamani ya mtu ikipanda na kushuka pamoja na mavuno.

Kisha panga mapema utakachofanya mambo yakikwama. Utafiti wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, aliouchapisha mwaka 1999, unaonyesha kwamba mpango wenye sharti, kwa mfano "nikiumwa wiki ya palizi, nitamwomba shemeji anisaidie upande wa bondeni", hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu.

Usitangaze kiasi cha fedha unachotarajia. Aliyekwisha kuahidi hadharani huona aibu kurudi nyuma, na aibu hiyo, ikikutana na njaa, humsukuma kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, kwa bei ya kutupa.

Msimu ukiisha, fanya hesabu mbili katika kurasa mbili, ukurasa wa kazi na ukurasa wa mapato, na uanze na ule wa kazi. Watoto nao wasikie mpangilio huohuo matokeo ya mtihani yanapotoka: waulizwe kwanza walivyosoma, alama zifuate.

Endapo huzuni ya kujiona hufai itaendelea kwa wiki kadhaa, ikakunyima usingizi au hamu ya kula, mpango wa malengo hautoshi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ukaeleze hali hiyo kama ambavyo ungeeleza homa.