LSAT: Alama Zikishuka au Zikigoma Kupanda

Wiki iliyopita jaribio la mazoezi lilikupa 158, leo limekupa 155. Kabla hujabadilisha vitabu, ratiba na mwalimu, kumbuka kwamba LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, inapimwa kwa alama 120 hadi 180, na LSAC, taasisi inayoitunga, yenyewe huambatanisha kila alama na mwanya wa takriban pointi tatu juu na tatu chini. Mtu yuleyule mwenye uwezo uleule anaweza kupata alama zote hizo mbili bila chochote kubadilika kichwani mwake. Kwa hiyo usihukumu jaribio moja. Chukua wastani wa majaribio matatu ya mwisho, uulinganishe na wastani wa matatu yaliyotangulia. Ukishuka wastani, hapo kuna jambo la kufuatilia.

Hakikisha pia unalinganisha vitu vinavyolingana. Tangu Agosti 2024 mafumbo ya mpangilio (logic games) yameondolewa kwenye mtihani. Sasa kuna sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za mantiki ya hoja na moja ya ufahamu ndizo zinazohesabiwa, na ya nne, ambayo haihesabiwi, inaweza kuwa mojawapo ya aina hizo. Alama uliyopata kwenye jaribio la zamani lenye mafumbo haina maana kubwa ukiiweka kando ya alama ya leo. Fanyia mazoezi majaribio ya mfumo mpya yaliyoko LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC. Baadhi ni ya bure.

Kuna kushuka kunakowatisha wengi bila sababu, nako ni kule kunakokuja wiki chache baada ya kuanza kujifunza mbinu. Mwanzoni ulikuwa unajibu kwa hisia, haraka. Sasa unatafuta hitimisho, unaainisha swali, unapima kila chaguo, na dakika 35 zinakwisha ukiwa bado na maswali saba. Hapa dawa si kuongeza mwendo. Fanya sehemu mojamoja bila saa hadi usahihi wako uwe mzuri, kisha jipe dakika 45, halafu 40, mpaka ufike 35.

Kazi kubwa iko kwenye kusahihisha, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanamaliza jaribio, wanafungua majibu, wanasoma maelezo, wanatikisa kichwa kukubali, kisha wanakimbilia jaribio lingine. Mwezi unaisha wakirudia makosa yaleyale. Fanya hivi: unapofanya jaribio, wekea alama kila swali ambalo huna uhakika nalo, hata kama umelijibu. Ukimaliza, usiangalie majibu. Rudia maswali hayo bila saa na uandike kwa maneno yako kwa nini chaguo lako ni sahihi na kwa nini yale manne mengine si sahihi. Baada ya hapo ndipo ufungue majibu. Sasa una matokeo mawili, ya ndani ya muda na ya bila muda, na tofauti kati yake inakuonyesha tatizo lilipo. Bila muda ukipata karibu yote lakini ndani ya muda ukakosa mengi, uelewa unao, tatizo ni mwendo. Ukikosa mara zote mbili, kuna dhana hujaielewa, na saa haihusiki. Swali ulilokosa ingawa hukuliwekea alama lipe uzito zaidi, maana hapo ulikosea ukiwa na uhakika.

Chukua mfano wa dhana inayowasumbua watu wengi. Hoja: "Mji ulipunguza nauli za mabasi, na mwaka uliofuata ajali za barabarani zikapungua. Kwa hiyo nauli nafuu ndiyo iliyopunguza ajali." Swali linauliza hoja hii inategemea dhana gani, yaani jambo lisilotajwa ambalo lazima liwe kweli ili hoja isimame. Mtego utasema: "Kila mji unaopunguza nauli hupunguza ajali." Inavutia, kwa sababu ikiwa kweli itaisaidia hoja. Lakini ikanushe: si kila mji unaopunguza nauli hupunguza ajali. Hoja ya mji huu bado inasimama, kwa hiyo haikuihitaji dhana hiyo. Chaguo jingine: "Kupungua kwa ajali hakukusababishwa na uhaba wa mafuta pekee." Likanushe: ajali zilipungua kwa sababu ya uhaba wa mafuta pekee. Hoja imeanguka papo hapo. Hilo ndilo jibu. Anayechanganya kinachotosha na kinachohitajika atakosa maswali ya namna hii kila mara, hata akifanya majaribio hamsini. Kwa hiyo daftari la makosa lisiishie kwenye "nilikosa namba 17". Andika aina ya swali, chaguo lililokunasa, kilichokuvutia, na kanuni utakayoitumia siku nyingine. Kila baada ya wiki mbili hesabu ni aina gani imejirudia, uifanyie mazoezi hiyo peke yake.

Tatizo likiwa mwendo, angalia unapopoteza dakika. Mantiki ya hoja ina maswali 25 hivi, yaani wastani wa sekunde 84 kila moja, lakini ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi na magumu hujaa kuelekea mwisho. Swali likikukalia dakika mbili, chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache nafasi tupu hata moja. Kwenye ufahamu una vifungu vinne, dakika nane na robo tatu kwa kila kimoja. Anayerudi kwenye kifungu kwa kila swali kwa kawaida alikisoma bila kushika msimamo wa mwandishi. Baada ya kila aya simama kidogo ujiulize aya hii imefanya kazi gani.

Majaribio kamili mawili kwa wiki yanatosha kabisa. Ukianza kukosa hata maswali mepesi ya mwanzo, huo ni uchovu. Pumzika siku mbili tatu bila kugusa chochote. Ukiporomoka sehemu ya tatu na ya nne tu, basi tatizo ni stamina: fanya sehemu zote nne kwa mkupuo, ukipumzika dakika kumi baada ya ya pili, kama ilivyo siku yenyewe.

Na mtihani halisi ukienda vibaya? Usijiandikishe tena kwa hasira. Nafasi zina kikomo: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zinaweza kutumwa vyuoni, mara saba kwa jumla, na alama uliyoifuta nayo inahesabiwa. Rudi pale tu wastani wako wa mazoezi unapokuwa juu ya alama unayoitaka kwa pointi mbili tatu, kwa sababu siku ya mtihani wengi hushuka kidogo. Kama alama zako hazionekani kabisa, angalia kwanza kama umekamilisha insha ya hoja. Hufanywa kando na haina alama, lakini kwa anayefanya LSAT mara ya kwanza, matokeo hayatolewi bila hiyo.