Namna ya Kulinda Afya ya Kombania Iwapo Porini

Katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918, maradhi, hasa malaria na kuhara damu, yaliua askari na wapagazi wengi kuliko risasi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2009 na 2010, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na uchunguzi ukaonyesha kuwa ni beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1. Mwongozo huu unamlenga kamanda wa platuni au seksheni (vikundi vidogo ndani ya kombania), kwa kuwa kinga ni amri inayotolewa na kukaguliwa kama usafi wa silaha; mganga wa kombania hawezi kuibeba peke yake.

Maji ya mto au kisima, hata yakiwa maangavu, yahesabiwe kuwa machafu hadi yatibiwe. Yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope hudhoofisha klorini, kisha yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa dakika 30. Wengi husahau mdomo wa chupa: kidonge kikishayeyuka, kifuniko kilegezwe kidogo na chupa iinamishwe ili maji yenye dawa yapite kwenye nyuzi za skrubu za mdomo huo, la sivyo askari atakunywa vijidudu vilivyobaki pale. Vidonge vikikosekana, maji yakitokota kwa dakika 1 yanatosha, au dakika 3 katika nyanda zilizo juu ya mita 2,000.

Choo kichimbwe siku ileile ya kupiga kambi, angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji na upande wa chini wa mteremko, mbali kabisa na jiko. Kinyesi kifukiwe kwa udongo kila mara, na maji na sabuni viwekwe pale pale mtu anapotokea.

Dawa za kinga ya malaria zisiachiwe kumbukumbu ya mtu. Jioni, baada ya chakula, seksheni ipange mstari. Kamanda amwekee kila askari kidonge kiganjani, naye akimeze kwa maji ya chupa yake mbele ya kamanda, kisha jina lake litiwe alama. Asiwepo wa kusamehewa kwa madai kwamba malaria ameizoea: aliyekulia Nyeri au nyanda za juu za Mbeya huenda hana kinga yoyote ya mwili, na hata wa pwani hupoteza sehemu ya kinga yake akikaa muda mrefu mahali pasipo na ugonjwa. Kuanzia machweo mikono ya kombati ishushwe, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote.

Kuhusu joto, askari wageni wapewe wiki 1 hadi 2 za kuzoea, kazi ikiongezwa taratibu. Wanywe kidogo kidogo na mara kwa mara, lakini wasizidishe lita 1.5 kwa saa, kwa sababu maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu na yanaweza kuua. Ndiyo maana mlo wenye chumvi hauruhusiwi kurukwa. Anayeanza kuyumba au kuropoka akiwa kwenye joto avuliwe nguo mara moja, amwagiwe maji na kupepewa. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye, wala asilazimishwe kunywa akiwa amechanganyikiwa.

Buti zivuliwe kila siku, miguu ikaushwe na kukaguliwa kwa tochi, soksi zibadilishwe. Wasioge kwenye mabwawa wala kingo za ziwa penye kichocho. Ili kuepuka beriberi, chakula kisiwe wali mweupe kila siku; maharage, kunde na karanga viingie kwenye mgao.

Wanaotumia doksisiklini, mojawapo ya dawa za kinga ya malaria, waendelee nayo kwa wiki 4 baada ya kuondoka eneo la malaria, na homa yoyote itakayowapata katika miezi inayofuata ipimwe siku hiyohiyo, huku wakimweleza daktari walikokuwa.